Idjwi na kinga: historia ya gurudumu kwenye ziwa Kivu

Mtu akisimama Karongi, upande wa Rwanda, siku isiyo na ukungu, akitazama magharibi anaona mgongo mrefu wa kijani uliolala juu ya maji. Ni Idjwi, kisiwa chetu. Kwenye ufuko ule wa Karongi hupita watalii wenye baiskeli za mlimani. Wanafuata njia inayoitwa Congo Nile Trail, kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi. Wengi huimaliza kwa siku tano hivi: wanalala njiani, wanakula samaki wa ziwa, wananunua kahawa, wanalipa waongozaji. Njia ina jina la Kongo kwa sababu inafuata milima inayogawa maji, haya yakienda mto Nile, yale yakienda mto Kongo. Lakini gurudumu la mtalii huyo haligusi ardhi ya Kongo hata mita moja. Anaitazama Idjwi, anapiga picha, anaendelea.

Wengine watasema haya ni mambo ya michezo ya watu wenye pesa. Mimi nadhani ni mambo ya historia. Kinga, kama wengi wetu tunavyoita baiskeli huku mashariki, ina deni la zamani na nchi hii. Na kisiwa cha Idjwi kina desturi ya kuamuliwa na watu wa mbali. Tukiziweka historia hizi mbili pamoja, tunaona vizuri zaidi swali ambalo vijana wa kisiwani wanauliza: je, siku moja utalii wa baiskeli utafika kwetu, na ukifika utakuwa wa nani?

Gurudumu lililokula mpira wetu

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1817 Mjerumani Karl Drais alitembeza mjini Mannheim chombo cha mbao chenye magurudumu mawili. Hakikuwa na pedali. Mtu alikaa juu na kusukuma kwa miguu. Ilichukua karibu miaka 70 kufikia baiskeli tunayoijua, yenye magurudumu mawili sawa na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma. Ile iliyoshinda nyingine ilitoka Coventry, Uingereza, mwaka 1885, kazi ya John Kemp Starley.

Mwaka huohuo wa 1885, mfalme Leopold wa Pili wa Ubeleji alitangazwa kuwa mwenye Dola Huru ya Kongo. Mambo hayo mawili yangebaki mbalimbali kama si daktari wa mifugo wa Belfast, John Boyd Dunlop, ambaye mwaka 1888 alipata hati ya gurudumu la mpira lenye hewa ndani. Baiskeli iliyokuwa ikitikisa mifupa ikawa laini. Katika miaka ya 1890 Ulaya na Marekani zilishikwa na homa ya baiskeli: wafanyakazi walinunua, wanawake walipanda, vilabu vilianzishwa. Magari yalikuwa bado machache sana. Kila baiskeli ilihitaji mipira miwili, na mashamba ya mpira ya Asia yalikuwa bado hayajatoa mavuno ya kutosha. Mpira ulitafutwa porini, na misitu ya Kongo ilikuwa na mitambaa inayoutoa.

Yaliyofuata tunayajua kutoka kwa wazee na kutoka vitabuni. Kampuni kama Abir zilipewa maeneo makubwa ya msitu. Vijiji viliwekewa kiasi cha mpira cha kuleta. Wanawake walifungwa kama rehani mpaka waume zao warudi na mzigo. Watu walipigwa kwa kiboko, waliuawa, walikatwa mikono. Ripoti ya Roger Casement ilitoka mwaka 1904, na mwaka huohuo Edmund Morel alianzisha chama cha kupigania marekebisho ya Kongo. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia serikali ya Ubeleji nchi hii.

Maumivu makubwa ya mpira yalikuwa Ekwateri, Kasai na kaskazini kwenye msitu, si kwenye visiwa vya Kivu. Lakini ni vema tulikumbuke tunapomwona mtalii akipita na baiskeli ya bei ya nyumba. Furaha ya kwanza ya baiskeli duniani ilibebwa kwa sehemu na mikono ya Wakongo ambao hawakuwahi kuipanda.

Kisiwa kilichogombaniwa

Idjwi ni karibu kilomita 300 za mraba, kisiwa kirefu na chembamba. Maji ya ziwa Kivu yako mita zipatazo 1,460 juu ya bahari, na milima ya kisiwa inapanda kupita mita 2,000. Kiutawala ni wilaya ya Kivu ya Kusini yenye usultani mbili, Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini. Wahavu ndio wengi. Wambuti ndio wa zamani zaidi, na ndio wenye ardhi kidogo kuliko wote.

Mwishoni mwa karne ya 19, mwami Rwabugiri wa Rwanda alivuka na majeshi yake akakiteka kisiwa. Alipokufa mwaka 1895 utawala huo ulivunjika. Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, Mjerumani von Götzen alikuwa amefika kwenye ziwa, Mzungu wa kwanza kuliandika. Kutoka hapo Wajerumani na Wabeleji walibishana: ziwa la nani, kisiwa cha nani? Kila upande ulichora ramani yake. Mkataba wa mwaka 1910 uliotengenezwa Brussels uliiweka Idjwi upande wa Kongo. Hakuna mkaaji wa kisiwa aliyekaa kwenye meza ile.

Miaka minne baadaye vita kuu ya kwanza ilianza, na Septemba 1914 Wajerumani walivuka kutoka Rwanda wakaichukua Idjwi. Waliishikilia mpaka mwaka 1916, Wabeleji waliposonga mbele kuingia Rwanda. Kisha ukaja utawala wa mashamba: kahawa na kwinini kwenye miteremko mizuri, na wenyeji wakifanya kazi kwenye ardhi iliyokuwa yao.

Kwa ufupi, ndani ya miaka isiyozidi 40 kisiwa hiki kidogo kilichukuliwa na mwami wa Rwanda, kikadaiwa na mataifa mawili ya Ulaya, kikapewa mmoja, kikatekwa na mwingine, kikarudishwa. Ndiyo sababu wazee wa Idjwi wanaposikia kwamba kuna wageni wenye mpango mzuri, swali lao la kwanza ni kuhusu ardhi.

Kahawa iliyovuka usiku

Baada ya uhuru mashamba mengi ya wakoloni yalidhoofika, lakini kahawa ilibaki kwa wakulima wadogo. Mwaka 1989 mapatano ya kimataifa yaliyokuwa yakilinda bei ya kahawa yalivunjika, bei ikaanguka. Baada ya hapo ikaja misukosuko ya Kivu. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walivuka maji wakajaa kisiwani. Vita vya 1996 na 1998 viliunguza nchi kavu pande zote. Idjwi yenyewe ilinusurika mapigano makubwa, maji yaliilinda. Lakini maji yaleyale yaliifunga: barabara za Kalehe na Minova hazikuwa salama, wanunuzi hawakuja, ushuru wa hapa ulimaliza faida.

Wakulima wakafanya walichoweza. Walipakia kahawa kwenye mitumbwi usiku na kuivusha hadi Rwanda, ambako waliibadilisha kwa pesa kidogo, sabuni, chumvi na nguo. Ziwa Kivu lina mawimbi ya ghafla, na mitumbwi iliyojazwa kupita kiasi ilipinduka. Wanaume wengi hawakurudi. Kwenye vijiji vya ufuko, Idjwi na upande wa Minova, wako wanawake ambao ujane wao umetokana na kahawa. Ni kwa sababu hiyo vyama vya ushirika vilivyoanzishwa baadaye, vyenye mashine za kuosha kahawa na wanunuzi wa moja kwa moja kutoka nje, vilipokelewa kwa matumaini makubwa: kahawa kuuzwa mchana, kwa jina la kisiwa.

Weka habari hii akilini, kwa sababu kinga inarudi sasa, na inarudi kwa njia ya kahawa.

Vijana wa California na chukudu ya Goma

Katika miaka ya 1970, kaskazini mwa San Francisco, vijana kadhaa wa wilaya ya Marin walikuwa na mchezo wao. Walichukua baiskeli nzito za miaka ya 1930 na 1940, zenye mipira minene, wakazipandisha kwenye mlima Tamalpais na kuteremka nazo kwa kasi kwenye njia za udongo. Oktoba 1976 walianza mashindano kwenye mteremko uliopewa jina Repack, kwa sababu breki za gurudumu la nyuma zilichemka mpaka grisi ikayeyuka, na baada ya kila mteremko ilibidi kufungua kitovu na kuweka grisi mpya. Joe Breeze alijenga fremu mpya kwa kazi hiyo mwaka 1977. Mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly walifungua biashara ndogo ya kuuza baiskeli hizo, zenye fremu za fundi kijana aitwaye Tom Ritchey. Mwaka 1996 baiskeli ya mlimani iliingia michezo ya Olimpiki, Atlanta.

Katika miaka hiyohiyo ya 1970, sisi tulikuwa na mteremko wetu. Kutoka Kibumba na milima ya juu, watu walikuwa wakiteremka kuelekea Goma juu ya chukudu: mbao ngumu, magurudumu mawili ya mti yaliyofungwa vipande vya mpira wa gari, usukani, na goti moja juu ya kibao. Mzigo ulikuwa viazi, makabichi, makaa, kuni. Vijana wa Marin walipanda mlima ili wateremke; mtu wa Kibumba aliteremka ili watoto wale. Hakuna aliyemwita mwanamichezo, ingawa ustadi ni uleule na hatari ni kubwa zaidi. Goma angalau ilimkumbuka: sanamu ya chukudu ya rangi ya dhahabu inasimama kwenye mzunguko wa barabara katikati ya mji. Kisangani nayo ilipopoteza magari wakati wa vita, vijana walibeba abiria kwenye baiskeli zilizoitwa toleka, na mji ukaendelea kutembea.

Ujuzi wa gurudumu tunao, basi. Tulichokosa ni mtu wa kuugeuza kuwa mapato yaliyo wazi. Ng'ambo ya ziwa mambo yalikwenda tofauti.

Walivyotengeneza njia ng'ambo

Mwishoni mwa mwaka 2005 yule Tom Ritchey wa California, akiwa mtu mzima mwenye kampuni yake, alitembelea Rwanda. Aliona wakulima wakisukuma kahawa milimani kwenye baiskeli za kawaida na nyingine za mbao. Alichora baiskeli yenye mwili mrefu nyuma, inayobeba zaidi ya kilo 100 za kahawa, ili mbegu zifike kwenye mashine ya kuosha kabla hazijaharibika. Kahawa hupoteza ubora ikikaa saa nyingi baada ya kuchumwa. Gurudumu likifupisha saa hizo, bei hupanda. Mwaka 2006 kulifanyika mashindano ya baiskeli za mbao na za kawaida, na kutoka hapo ikazaliwa timu ya taifa. Tour du Rwanda ikawa mashindano ya kimataifa mwaka 2009. Adrien Niyonshuti alipanda baiskeli ya mlimani katika Olimpiki ya London mwaka 2012 na kumaliza mbio.

Njia ya watalii kando ya ziwa ilifuata. Tazama namna ilivyofanywa, kwa sababu haina muujiza. Sehemu kubwa ya njia ni barabara za udongo na vijia ambavyo wakulima walikuwa wakipita tangu zamani. Serikali iliweka vibao, ikapanga vituo vya kulala, ikaipa njia jina moja na kuitangaza. Jina, ramani na usalama vilitosha kugeuza kijia cha mbuzi kuwa mali.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika, na Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda mbio kuu ya wanaume. Sisi tuliyatazama kwa moyo mzito. Januari mwaka huohuo waasi wa M23, ambao wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamesema mara nyingi kwamba wanasaidiwa na Rwanda, walikuwa wameingia Goma. Februari wakaingia Bukavu. Bunge la Ulaya liliomba mashindano hayo yafutwe ikiwa Rwanda haitabadili mwenendo. Yalifanyika. Kwa mkimbizi aliyevuka kwenda kisiwani na godoro kichwani, kuona dunia ikipiga makofi umbali wa saa chache kulikuwa na uchungu ambao takwimu za utalii hazisemi.

Uchungu huo ni wa haki. Lakini hautatengeneza njia hata moja upande wetu.

Mallorca inafundisha nini

Kama kuna kisiwa ambacho Idjwi inaweza kukisoma, ni Mallorca ya Hispania. Ni kikubwa kupita Idjwi zaidi ya mara kumi, na kina utajiri mwingi kuliko sisi, kwa hiyo mfano huu uchukuliwe kwa kiasi. Lakini historia yake ina mafunzo matatu.

La kwanza: barabara ilitoka kwa wenyeji. Chama cha kukuza utalii kilianzishwa kisiwani mwaka 1905. Katika miaka ya 1930 mhandisi wa hapohapo, Antoni Parietti, alijenga barabara ya kushuka Sa Calobra, kijiji cha ufukoni ambacho kabla ya hapo kilifikiwa zaidi kwa mashua. Barabara ina urefu wa karibu kilomita 10, kona 26, na inateremka karibu mita 700. Mahali pamoja inajizungusha na kupita chini yake yenyewe, kama fundo la tai. Ilijengwa kwa mikono na kwa vifaa vidogo. Leo waendesha baiskeli wa Ulaya yote wanaota kuipanda.

La pili: baiskeli ilijaza miezi mitupu. Mallorca ilikuwa na hoteli nyingi za watalii wa bahari wakati wa joto, zilizokuwa zikifungwa miezi mingine. Mswisi Max Hürzeler, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyuma ya pikipiki, alianza katika miaka ya 1980 kuleta vikundi vya waendesha baiskeli majira ya kuchipua. Hawakuhitaji jua kali. Walihitaji barabara, kitanda, chakula kingi na fundi. Hoteli zilifunguliwa mapema, wafanyakazi wakapata miezi zaidi ya mshahara.

La tatu ni onyo. Watalii wa kila aina waliongezeka mpaka wenyeji wakaanza kukosa nyumba za kupanga. Mwaka 2016 serikali ya visiwa hivyo iliweka kodi kwa kila usiku wa mgeni. Mwaka 2024 maelfu waliandamana mjini Palma wakisema kisiwa chao hakikaliki tena. Mallorca ilifanikiwa mpaka mafanikio yakawa mzigo. Sisi tuko mbali sana na mzigo huo, lakini kanuni huandikwa vizuri kabla pesa hazijaingia.

Ikifika, iwe ya nani?

Turudi nyumbani. Idjwi ina vitu ambavyo mwendesha baiskeli wa mlimani hulipia: barabara za udongo zenye magari machache mno, miteremko, maji pande zote, mashamba ya mananasi na kahawa, watu wanaosalimia. Hakuna haja ya lami. Kwa mgeni huyu lami ingeharibu. Kwa mama anayepeleka mgonjwa hospitalini hali ni nyingine, na hapo tusidanganyane: barabara itengenezwe kwanza kwa ajili yake, na mtalii apite baadaye kwenye barabara hiyohiyo.

Vinavyokosekana vinajulikana. Amani ni ya kwanza. Bila hiyo mengine ni maneno. Ya pili ni ziwa. Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wakitazama kutoka ufukoni. Boti zinazojazwa kupita kiasi, zisizo na makoti ya kuokolea, zinaua wakaaji wetu kila mwaka. Usalama wa ziwa si zawadi ya kumwandalia mtalii. Ni haki ya mchuuzi wa ndizi kabla yake.

Ya tatu ni ardhi, na hapa historia inapaswa kusemwa kwa sauti. Kisiwa kimejaa watu, mashamba yamegawanywa mpaka yamekuwa vipande, na Wambuti wengi wanaishi kwenye ardhi ya wengine bila hati. Kilima chenye mandhari nzuri kikipata bei, mwenye nguvu atakinunua na maskini atahamishwa. Waami wa pande zote mbili, viongozi wa wilaya na mashirika ya raia wana nafasi sasa, wakati bado hakuna hoteli, ya kuweka sheria rahisi: ardhi ikodishwe isiuzwe, nyumba za wageni ziwe za familia na vyama vya ushirika, waongozaji watoke vijijini, na Wambuti wawe na sehemu yao iliyoandikwa, kwa sababu wao ndio wanaojua vijia vya mlimani kuliko wote.

Ya nne ni ndogo na inaweza kuanza wiki hii. Kinga inayobeba kahawa kutoka shambani hadi mashine ya kuosha ina faida leo, hata kama hakuna mgeni atakayevuka kwa miaka kumi. Fundi anayejua kunyoosha gurudumu na kubadili mnyororo atafanya kazi kwa mkulima leo na kwa mtalii kesho. Ushirika ukinunua kinga chache za mizigo na kufundisha mafundi wawili kila upande wa kisiwa, utakuwa umeweka msingi ambao hakuna mkataba wa Brussels unaoweza kuuhamisha.

Kwa zaidi ya miaka mia gurudumu limezunguka kuzunguka ziwa hili likiendeshwa na uamuzi wa watu wengine. Wazee wa Idjwi wanasema kwamba aliye majini hapigi kasia kwa mkono wa jirani. Vijana wa kisiwani wameanza kuuliza maswali mazuri kuhusu njia zao, kahawa yao na kinga zao. Wanastahili kujibiwa na viongozi wao, kwa maandishi, kabla mgeni wa kwanza hajashuka kwenye boti na baiskeli begani.